Kilemba Kilichopita Kihengeni

Mwanangu mpendwa Skola,

Salamu nyingi sana kutoka hapa nyumbani Murungu. Natumaini umefika salama, na lile sweta umelivaa, maana Sumbawanga wanasema baridi yake haina adabu. Utashangaa nakusalimu kama mtu aliye mbali wakati sasa hivi upo tu hapo kanisani unaagana na wanakwaya wenzako, na jioni tutakula wote. Lakini barua hii naificha chini kabisa ya begi, na wewe begi hulifungui mpaka umefika. Kwa hiyo kwangu mimi umeshafika, na barua bila salamu mimi siijui.

Baba yako anakusalimu. Yuko hapa nje anafunga begi lako kwa kamba ya katani, nami nimemwambia asikaze kwanza, kuna kitu sijaweka. Hajauliza ni kitu gani. Bibi yako anakusalimu, anasema ukipata mchumba huko umwambie yeye kwanza, si mimi, kwa sababu mimi nitalia na kuharibu mazungumzo. Bukuru na Butoyi, wadogo zako mapacha, wanakusalimu, ingawa tangu asubuhi wanagombania kitanda chako na wewe bado hujaondoka. Mama Jeni mwenyekiti wetu anakusalimu na kikundi kizima cha akina mama. Fundi Bahati naye alipiga simu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akasema nikufikishie bonzhuu yake, salamu ya Kifaransa. Hata mbuzi wako mwenye pembe moja anakusalimu, ameshatafuna ncha moja ya hiyo kamba ya begi.

Sisi wote hatujambo. Hofu ni yangu peke yangu.

Mambo ya kula kwa wakati, na kusali, na kutolala na jiko la mkaa ndani, hayo nimekuambia mpaka ukawa unanimalizia sentensi. Sirudii. Ninachotaka kukuandikia ni kihenge. Unaenda kufanya kazi kwenye vihenge vya chuma vya nafaka, virefu kuliko mnara wa simu, na siku ile ya kwetu wewe ulikuwa nje na mimi nilikuwa ndani. Ya nje unayajua kuliko mimi. Ya ndani sijawahi kukuambia vizuri. Mkono wangu ni wa darasa la nne, unavumilia.

Nilipoolewa hapa nilikuwa mwembamba kama ulivyo wewe. Bibi yako hajawahi kuficha kwamba alinipendea hilo. Kile kihenge cha zamani unakikumbuka, cha fito, nyuma ya jiko, kimesimama juu ya mawe, na kimlango chake kidogo pale juu karibu na nyasi. Mahindi tuliyaweka humo na magunzi yake. Ukifika wakati wa kuyatoa, ya pembeni hayaji yenyewe, lazima mtu aingie ayakanyage na kuyasukuma. Na anayeingia ni yule mwembamba kuliko wote nyumbani. Kwetu hiyo haikuwa kazi ya kutumwa, ilikuwa heshima. Mkwe anayepita kwenye kile kitundu ndiye anayeshika chakula cha nyumba. Bibi yako aliwaambia majirani nikiwa nimekaa hapo hapo: "Wenzangu walitafuta mkwe mwenye sura. Mimi nilitafuta anayepita mlangoni." Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni nilivimba kama andazi.

Basi nikawa mtu wa kihenge. Niliingia humo kila msimu. Niliingia nikiwa na mimba yako, bado changa haijaonekana, nikawa nakuimbia humo gizani. Magunzi yanachoma nyayo, lakini yanakubeba. Unasimama juu yake kama unavyosimama juu ya kuni. Miguu yangu ikajifunza hivyo, na miguu ikishajifunza kitu haiulizi tena.

Kisha kikundi chetu kikapata kile kihenge cha bati. Fundi Bahati alipewa kibali cha kutoka kambini, akaja kukifunga bolti moja baada ya nyingine, na sisi tukimpikia ugali wa muhogo na migebuka. Alipomaliza alitukusanya chini ya ngazi. Alikuwa mpole siku zote, lakini siku hiyo alitukunjia uso.

"Bamama, munisikilize muzuri," akasema. "Humu ndani mutu haingiake. Mahindi ya humu ni kama maji."

Mama Jeni akamuuliza kama kwao Kongo mahindi huzamisha watu au huwa yanawafundisha kuogelea. Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Muha afundishwe kihenge. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, maana nani pale alikuwa na miguu ya kihenge kama yangu. Fundi hakukasirika. Alichukua chaki akachora mtu kwenye bati, akamkata kwa mistari miwili mikubwa, akapanda kwenye lori akaenda zake. Mvua ya kwanza ilimfuta yule mtu.

Na mvua ya mwaka ule ilikuwa ya ukorofi, unaikumbuka. Ilikuwa inakatika asubuhi, tunaanika, mchana inarudi tunakimbiza maturubai. Tukapukuchua hivyo hivyo kwa haraka. Mimi nilichukua punje nikaiuma, ikalia ka, nikasema imekauka. Wote wakaliamini jino langu. Tukajaza.

Ulipofika wakati wa kuwagawia wanachama, Mama Jeni alifungua ule mdomo wa chini, mahindi yakamwagika vizuri magunia ya mwanzo, halafu yakakatika. Tukagonga bati kwa magongo, wapi. Juu mahindi yapo, chini hayaji. Na hapo, mwanangu, hakuna aliyenituma. Watu waligeuka tu wakanitazama, na mimi nilikuwa nimeshavua viatu. Bibi yako alikuwa amekaa kwenye kigoda akasema kwa sauti kwamba hata nimenenepa namna gani, mlango huo wa bati nitapita tu. Nikapanda ngazi nikicheka, na kilemba changu cha kitenge cha bluu nimekifunga vizuri kabisa, kama ninaenda harusini.

Ndani mahindi yalikuwa yamelala sawa kama uwanja uliofagiwa. Nikakanyaga pembeni, yakanibeba. Nikasogea katikati, yakanibeba. Nikapiga mguu kama nilivyozoea miaka yote.

Sikujua kuwa nilikuwa nimesimama juu ya gamba. Yale mahindi niliyoyaidhinisha kwa jino yalikuwa na unyevu, yakashikana juu kama ukoko wa ugali, na chini yake palikuwa patupu, kwa sababu ya chini tulishayatoa. Ukoko ukavunjika. Nikashuka mpaka magotini, na nikacheka, Skola, nakuambia kweli, nilicheka nikidhani nimefanikiwa. Kwa sababu nje nilimsikia Mama Jeni anapiga vigelegele kwamba mahindi yanakuja. Yalikuwa yanakuja. Na mimi nilikuwa nyuma yao.

Nikajaribu kuinua mguu mmoja, ule mwingine ukaenda chini zaidi. Magunzi yanakuacha ujishikilie, punje hazikuachi. Unashika ukishika hushiki kitu. Yakafika kiunoni, kilemba kikafunguka kikanitoka, nikakiona kinavutwa chini kama kuna mtu anakikunja kwa chini. Yakafika kifuani. Hapa ndipo pale nisipokuambiaga. Kila nikitoa pumzi, mahindi yanasogea yanachukua nafasi yake, na nikitaka kuvuta nyingine hakuna pa kuiweka. Sikuweza kupiga kelele. Kelele inataka kifua. Nilikuwa nanong'ona jina la Imana, Mungu wetu, na la baba yako na lako, yote yamechanganyika.

Ndipo nikakusikia. Ulikuwa umepanda kuniletea maji, maskini, ukachungulia. Mtu mwingine yeyote angerukia ndani. Wewe uligeuza kichwa nje ukasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako kabla wala baada:

"Fungeni chini. Fungeni chini kwanza."

Na mahindi yakasimama. Sijui nikueleze vipi ile hali ya mahindi kusimama. Nilikuwa nimebanwa vile vile, lakini nilikuwa nimebanwa mahali pamoja.

Baba yako alipanda ngazi kama kijana. Nilimwona mguu wake mmoja umeshaingia, na uso wake ulikuwa si uso wake. Wewe ukamshika suruali. Baba yako hajawahi kushikwa suruali na mtoto, na wewe hujawahi kumjibu mtu mzima, lakini ulimwambia, "Baba, ukiingia wewe, nitakuwa na wawili wa kuwatoa." Akatoa mguu.

Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya nikae leo naandika. Yasome tena, ni yako.

Ya kamba unayajua. Walinitupia, nikajifunga kwapani, wakavuta wote kwa pamoja, nikahisi kama kiwiliwili kinatoka na miguu inabaki. Ukawazuia. Ukaomba mabati ya jiko jipya la Mama Jeni, ambayo yalikuwa yameegemea ukutani hayajapigiliwa. Akayatoa bila kuuliza, na mpaka leo jiko lile lina mabati yaliyopinda na hataki kuyabadilisha, anasema ni mabati ya Mama Skola. Ukajifunga kamba kiunoni, baba yako akaishika kule nje, ukaingia ukiwa umelala kifudifudi juu ya mbao. Ukanizungushia yale mabati, ukayasukuma chini mpaka nikawa kama mtu aliye ndani ya pipa, halafu ukaanza kuteka mahindi ya ndani ya pipa kwa kopo la maji uliloniletea. Kopo moja, jingine, jingine.

Nilianza kusali kwa sauti, na kutubu mambo mengine hata hayakuwa yanakuhusu. Ukasema, "Mama, bibi alisema unapita mlangoni. Hakusema unapita sakafuni." Nikacheka, kucheka kukaniuma mbavu, ukaniambia basi nisicheke, na wewe mwenyewe ulikuwa unalia machozi yanaingia kwenye mahindi ya kikundi.

Nilipotoka nje, vigelegele vilisikika mpaka barabarani, watu wakasimamisha baiskeli wakiuliza nani ameoa. Bibi yako ndiye pekee hakupiga kigelegele. Aliinuka kwenye kigoda chake, akaja akanishika miguu, hii miguu yangu, akaipangusa vumbi kwa kanga yake. Kisha akasema mbele ya wote, taratibu, kwamba kuanzia siku ile hakuna mtu wa nyumba yake atakayepita mlango wa kihenge chochote, awe mwembamba awe mnene. Jioni ile ile alimwamuru baba yako akivunje kile kihenge cha fito, na fito zake ndizo zilizochemsha maji niliyooga. Sijawahi kuoga maji matamu kama yale.

Sasa nikuambie lini niliogopa. Si siku ile. Siku ile nilikuwa na furaha tu ya kuwa hai, nikala ugali wa watu wawili. Niliogopa wiki nyingi baadaye, siku tulipomaliza kukitoa kihenge chote. Wewe ulikuwa umerudi chuoni. Mahindi ya mwisho mwisho yanatoka kwenye ule mdomo wa chini, mara tunaona kitu cha bluu kinaning'inia. Mama Jeni akavuta. Kilemba changu. Kilikuwa kimesokotwa kama kamba ya ng'ombe, kimejaa vumbi, lakini hakijachanika hata uzi. Kilikuwa kimepita njia yote, kutoka kichwani pangu mpaka chini. Wenzangu walicheka, na mimi nilikaa chini kwenye vumbi. Ile ndiyo ilikuwa njia yangu. Kilienda badala yangu kikanionyesha.

Kisha nikainuka, nikakikung'uta, nikajifunga kichwani pale pale, na vumbi lake. Tukaimba. Tulicheza siku ile mpaka Mama Jeni akavunjika kiatu.

Na tangu hapo, mwanangu, tumeshinda. Naandika neno hilo nikiwa na akili zangu timamu. Huku mbele yangu kihenge kimejaa mpaka juu mahindi ya mwaka huu, na hakuna mguu wa mtu uliokanyaga ndani. Hatulisikilizi tena jino la mtu, hata langu. Tunaweka punje na chumvi kavu kwenye chupa tunatikisa, chumvi ikigandia kwenye chupa tunarudisha mahindi kwenye turubai, na mwenye haraka zake anune. Yakikatika kutoka, tunafunga chini, tunasimama juu kwenye ngazi na kuyachokoa kwa mti mrefu. Kifuniko cha juu kina kufuli. Fundi Bahati alirudi kumchora yule mtu wake, safari hii kwa rangi ya mafuta, na Mama Jeni ndiye aliyemshikia kopo la rangi akimwita mwalimu. Akina mama wa Kagerankanda walikodi gari kuja kuona. Walitaka mtu wa kuwaeleza, nikasukumwa mbele mimi, mimi ambaye kanisani hata tangazo sijawahi kusoma. Nikapanda juu ya debe nikawaambia yote, na lile la kuvua viatu kwa majivuno nikawaambia. Hakuna aliyecheka. Mmoja alisema ana binti mwembamba nyumbani.

Na wewe wamekuchukua kazi kwenye vihenge vikubwa. Ulirudi kutoka kwenye usaili ukasema walikuuliza utafanya nini ukikuta mwenzako amezama, ukawajibu bila kufikiri, wakatazamana. Nilijifunika uso kwa kanga nisionekane navyojivuna.

Lakini sasa nikuambie ninachokihofia. Siyahofii mahindi, hayo umeshayajua. Nahofia adabu yako. Mimi mwenyewe nilikulea usimjibu mkubwa, ukitumwa uende, ukiitwa uitike. Nilifanya vizuri, isipokuwa sikukuachia pa kutokea. Huko kutakuwa na siku ya haraka, malori yamepanga foleni, mahindi yamekatika, na mtu mwenye cheo atasema, ingia kidogo tu uyasukume. Hatasema ingia ufe. Hakuna anayesema hivyo. Hata mimi hakuna aliyeniambia, walinitazama tu. Na wewe ni mwembamba, Skola. Watakutazama.

Najua huko kuna mikanda ya kujifunga, na mtu wa kusimama mlangoni, na mashine inazimwa inafungwa kufuli na ufunguo wake unaweka mfukoni mwako mwenyewe, na kuna kipimo cha hewa, maana dawa ya wadudu nayo inaua kimya. Yakiwa yote yapo, ingia, ni kazi yako na unaijua. Kikikosekana kimoja, kataa. Ukishindwa kukataa kwa jina lako, kataa kwa langu. Sema mama yangu amenikataza. Wakucheke, wakuite mtoto wa mama. Mimi nilichekwa na nilicheka wengine, na kicheko hakijawahi kumbana mtu kifua.

Wakikufukuza kazi, urudi. Kitanda nitawanyang'anya hao mapacha.

Barua hii nimeifunga ndani ya kile kilemba cha bluu. Nimekifua, nimekipiga pasi ya mkaa. Ukifunge kichwani unapokwenda kazini. Ni nguo pekee ninayoijua iliyopita kihengeni kutoka juu mpaka chini ikatoka nzima, na nimeamua iwe ya mwisho ya ukoo huu.

Nakusikia unakuja, unaimba ile sauti ya pili, na baba yako ameanza kukohoa ili nijue. Naacha hapa. Tafadhali mwanangu, ukishaisoma usisubiri mshahara wala sikukuu, nijibu haraka sana, hata kwa simu ya baba yako. Usiniandikie habari za chakula. Niandikie siku ya kwanza waliyokutazama, na ulichowajibu. Nitawasomea akina mama wote pale chini ya ngazi, na safari hii bibi yako ameahidi kwamba kigelegele cha kwanza ni chake.

Mama yako akupendaye,
Yustina, Mama Skola